Guyo, Mama Yako Aliniuliza Kuhusu Maziwa

Guyo ndugu yangu,

Nimeshindwa. Majaji wa kutunisha misuli walitupanga mstari, wakawaita mbele wale waliowataka, nami nikabaki nyuma na jamaa mmoja wa Marsabit, tukiangaliana kama watu walioachwa na gari. Nakuambia mimi mwenyewe kwa sababu Mwenda anazunguka mtaa mzima wa Bulapesa akisimulia jinsi kocha wao, yaani mimi, alivyopanda jukwaani amefura kama mandazi. Unamjua Mwenda. Habari ikiingia kwake nyembamba, inatoka imenona.

Ni Jumapili mchana, niko karakanani. Mashine ya kuchomelea imezimwa, nimekaa juu ya lile benchi la kusukuma kifua nililokuwa nakutengenezea, ambalo halijapakwa rangi hadi leo. Sijui barua ya namna hii inatumwa wapi. Kwetu Ngaremara mtu akifa tunamzika, tunamwombea, mwenye mbuzi anachinja, halafu tunanyamaza. Hakuna anayemwandikia. Lakini mama yako aliniuliza jambo, na jibu nilimpa kwa niaba yako bila ruhusa yako. Ni haki yako kulijua.

Sijalia, nikuambie na hilo. Watu wananiangalia usoni wakitafuta kitu, wanakikosa, wanaondoka wamekasirika kidogo. Naamka, nachemsha mayai, natoa viini, nakula vyeupe, nakuja kazini. Jioni naenda jimu nainua vyuma. Mwili unaendelea na kazi yake kama punda anayejua njia ya nyumbani, mimi niko juu yake tu.

Jimu yetu ipo. Vijana walikuwa wanaogopa kwamba mwenye nyumba atatufukuza, hajatufukuza. Pale mbele ya kioo kikubwa, chini ya feni, pale ambapo hakuna mtu aliyethubutu kusimama ukiwepo, palikaa wazi muda mrefu. Vijana walikuwa wanapazunguka kama shimo. Hata mtu akidondosha taulo pale, alikuwa anainama kulichukua haraka haraka na kurudi upande wake. Halafu siku moja nikaingia nikakuta wameweka vyuma vyangu pale, wenyewe wamejifanya wako bize na mazoezi. Nikasimama hapo. Nimesimama hapo tangu siku hiyo, na feni yenyewe, nikuambie ukweli, haina maana, inasukuma joto tu.

Sheria yako ya fulana imekufa. Ulisema hakuna kukata mikono ya fulana mpaka mtu asimame jukwaani mbele ya majaji, hata akiwa na mkono mnene kuliko mguu wangu. Mwenda aliposhika nafasi ya nne kule Meru ulimkatia yake mwenyewe kwa makasi ya kinyozi, na yule mtu akatembea mjini wiki nzima bila jaketi na mvua inanyesha. Sasa hivi mtu anajiandikisha leo, kesho mikono imekatwa. Ungekuwepo ungewatuma dukani wakanunue sindano na uzi. Mimi sikuwa na nguvu ya kugombana. Nilianza kwa mmoja, akaniangalia tu, nikaacha.

Na mheshimiwa wa wadi alirudi tena, yule aliyetaka tusimame nyuma yake kwenye mikutano na fulana nyeusi na miwani. Tangu serikali za kaunti zije, kila mheshimiwa anataka vifua nyuma yake. Ulimjibu kwamba mwili wako si ukuta wa kuegemewa na mtu, akacheka, akafikiri unapandisha bei. Safari hii aliwapata Mwenda na wengine. Siwalaumu. Wananunua mayai.

Nikijaribu kuwaeleza watu mtaani wewe ulikuwa nani, nashindwa. Wanakumbuka mtu mkubwa aliyepita mlangoni kwa upande hata mlango ukiwa mpana, aliyetembea na mikono imetanuka kama amebeba ndoo mbili zisizoonekana. Wanakumbuka yule muuza nyama alivyokuwekea maini bila kuulizwa, na kule hotelini watu walivyokuondokea kiti. Hiyo ndiyo picha waliyo nayo. Mimi nakumbuka ulivyokuja mjini, baada ya ukame kumaliza ng'ombe wa baba yako, ukawa unapakia mbuzi kwenye malori mnadani, na hakuna aliyekusalimia. Hata mimi sikukusalimia. Ulikuja karakanani kuomba maji ya kunywa, ukaona rimu mbili za lori nimeziunganisha na bomba, ukauliza ni za nini. Nikasema za kuinua. Ukauliza mtu akiinua anapata nini. Nikakuambia jaribu.

Siku moja baadaye uliniambia Mborana bila ng'ombe hana cha kusimama nacho mbele ya watu, kwa hivyo umeamua kusimama na ngozi yako. Ulisema unaufuga mwili. Ulikuwa unaulisha kwa saa, unaulaza kwa saa, unajua ukiugua kabla haujaugua. Ulicheka uliposema hivyo, lakini hukuwa unatania. Mkono wa kulia uliupa jina la fahali wa baba yako. Nilidhani ni wazimu, halafu mimi pia nikaanza kujiangalia kioo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Unakumbuka harusi ya dada yako kule Merti. Ilikuwa siku tatu kabla ya mashindano, na wewe ulikuwa katika siku za kujikausha, huonji chumvi, maji unaonja kwa kifuniko cha chupa. Hukuweza kukosa harusi ya dada yako. Ulipanda lori la mbuzi, ukaenda, ukarudi. Uliporudi ulikuwa na hasira na pia ulikuwa unacheka. Uliniambia, "Ekiru, hapa mjini nikivua shati watu wananyamaza. Kule kwetu nilivaa shati na bado walinililia." Kwa sababu uso ulikuwa umebonyea na mishipa imesimama shingoni, na kwenu mtu wa namna hiyo ama amepigwa na njaa ama ana kifua kikuu. Wazee walikushika mkono wakauliza kama unatumia dawa. Shangazi mmoja alikuombea dua bila kukuomba ruhusa. Ulikuwa umefikia mwili bora kuliko wote uliowahi kuwa nao, na watu wako wakaona ugonjwa.

Mengine yote ulinisimulia. Lile la maziwa hukulisimulia.

Halafu ikawa jioni ile ya mkesha wa mashindano. Nilikuwa nakupaka rangi ya jukwaani mgongoni, kwa sababu mgongo mtu hawezi kujipaka mwenyewe, na siku zote mimi nilipaka wako na wewe ukapaka wangu. Ulisema mguu umekaza. Ukakaa. Halafu ukalala sakafuni, nikadhani unapumzika, nikaendelea kukoroga rangi. Hospitalini walisema chumvi za mwili zilivurugika na moyo ukasimama. Nilipofungua mkoba wako kutafuta kitambulisho, nilikuta tembe za kutoa maji mwilini, zile wanazopewa wagonjwa. Kukaa bila maji nilijua. Tembe hukuniambia.

Walikuosha asubuhi yake. Mimi si Mwislamu, nilisimama nje na viatu vyangu, nikasikia maji yakimwagwa. Yalimwagwa muda mrefu. Amu yako alitoka na mikono imekuwa ya kahawia hadi kwenye viwiko, akaniuliza, "Hii mlimpaka ni nini? Haitoki." Nikamwambia ni rangi. Akauliza ya nini. Nikasema ya kuonekana vizuri. Akarudi ndani, na maji yakaanza tena.

Mama yako alifika umeshazikwa. Barabara ya Merti unaijua, na kwenu maiti haingoji. Alikaa kwa amu yako siku chache, watu wakimwambia ni jicho la watu, ni mapenzi ya Mungu, yeye anaitikia kwa kichwa. Kabla ya kuondoka aliomba aletwe jimu aone mahali ulipokuwa ukishinda. Vijana walikuwa wamebandika ile picha yako kubwa mlangoni, ile ya mwisho, umekauka hadi nyuzi za kifua zinahesabika. Walisimama pembeni wakingoja aione. Aliitazama, akatoa shuka lake la begani, akaifunika. Akasema, "Huyu alikuwa na njaa." Alipoondoka waliifunua, wakampelekea shuka lake limekunjwa vizuri.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuliweka hai jina lako. Hivyo ndivyo walivyosema. Vijana walichanga nauli yangu, wakanipimia nyama, wakanishikia vyuma. Mashindano yale yale yaliporudi, na mimi nikajikausha vile vile, bila zile tembe. Usiniulize kwa nini. Nilijua kilichokuua na bado nilifunga chupa ya maji kabatini. Nadhani nilikuwa sihisi kitu, na mtu asiyehisi kitu haogopi. Tena kioo kilikuwa kinanisifu. Tumbo liligawanyika, mgongo ukafunguka, na nilipoingia hotelini kunywa chai isiyo na sukari, mtu mmoja aliniondokea kile kiti chako.

Wiki yenyewe ya mashindano, dereva wa pikapu ya Merti akasimama hapa karakanani. Akasema mama yake Guyo anamtaka yule Mturkana wake, aje sasa hivi, kwa sababu malisho yamekwisha na wanahama na mifugo, na wakishahama hakuna atakayewapata hadi mvua. Nilifikiri anataka nguo zako. Nikazifunga kwenye begi nikapanda. Mwenda alinifuata hadi kwenye gari akisema, "Kocha, siku mbili zimebaki, vumbi lile litakuharibu." Nikamwambia nitafunga mdomo.

Nilimkuta mama yako, Ayyo kama mnavyomwita, anavunja nyumba. Mikeka imekunjwa, fito zimeegemezwa, ngamia mmoja anangoja kufungwa mizigo. Tukasalimiana, nagaa, nagaa, kwa Kiborana changu cha mnadani na Kiswahili chake kidogo. Nikampa begi. Hakulifungua. Alikalia chungu kilichopinduliwa, mimi nikakaa chini, akamimina maziwa kwenye gorfa, kile chombo chenu cha kusuka chenye harufu ya moshi, akaniwekea mbele. Nikakiangalia. Ulimi wangu ulikuwa mkavu kiasi kwamba niliusikia ukigusa meno. Nikawa nahesabu kichwani chumvi iliyomo na maji yaliyomo, hapo hapo, mbele ya mama yako.

Aliona. Akasema, "Na wewe pia."

Ndipo akaniuliza. Alisema siku ile ya harusi alikamua ngamia mwenyewe, hakumwachia binti yeyote, akakuletea maziwa mbele ya wazee. Ukaipokea gorfa kwa mikono miwili, ukaigusisha mdomoni, ukairudisha imejaa. Ukasema umeshiba. Akasema mtoto anayekataa maziwa ya mama yake mbele ya watu ana kitu moyoni juu yake. Tangu siku hiyo anatafuta. Labda ni kwa sababu alimtanguliza mdogo wako shuleni. Labda ni kwa sababu alikuacha uende mjini baada ya ng'ombe kufa, hakukuita urudi. Akasema, "Wewe ulikuwa naye. Alinikasirikia nini? Niambie. Nitaomba msamaha hata kwa kaburi."

Guyo, nilikaa pale nikaona hatari ya jibu. Nikinyamaza, ataendelea kujilaumu hadi siku yake ya mwisho. Nikisema ukweli, nitamwambia mwanawe alirudisha maziwa ili mishipa ionekane. Ni mama gani anataka kusikia hivyo? Nilitafuta uongo mzuri. Uongo mzuri ulikuwepo mwingi, lakini hakuna hata mmoja ambao ungekaa bila kukuchafua wewe au yeye.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia hukumkasirikia, ulikuwa unajikausha. Akauliza kujikausha ni nini. Nikaeleza. Akasikiliza mwisho, akauliza nani aliwakataza maji. Nikasema hakuna, tunajikataza. Akauliza ili mpate nini. Nikasema kikombe, na jina. Akauliza kama ni cha dhahabu. Nikasema hapana, Ayyo, ni cha plastiki. Akamgeukia ngamia wake. Niliona haelewi, na kwamba ule ukweli wangu unafanana na uongo kuliko uongo wenyewe.

Basi nikanywa. Nilichukua gorfa nikanywa yote bila kupumua, yakateremka nikayafuata hadi tumboni. Halafu nikasimama nikavua shati. Sikupanga. Nikamwambia, ngoja nikuonyeshe alichokuwa akifanya. Nikasimama pale katikati ya mikeka na fito, nikafanya yale yako, kwa mpangilio wako. Nikafungua mikono. Nikageuka upande nikabana kifua. Nikampa mgongo, nikaufungua polepole ulivyonifundisha, kama mtu anafungua mlango mzito, nikashikilia hapo hadi misuli ikaanza kutetemeka. Wachungaji wawili walisimama kutazama. Sikuona aibu, sikuona chochote. Nilikuwa nafanya kazi yako tu.

Nilipogeuka, Ayyo alikuwa amesimama. Akanizunguka. Alinizunguka kama mtu anavyomzunguka fahali mnadani, bila haraka, akanigusa begani, akanigusa ubavuni, akaniinua mkono akaangalia chini yake. Akauliza, "Na yeye alikuwa hivi?" Nikasema alinishinda mbali. "Na watu walitazama?" Nikasema ukumbi mzima, Ayyo, ulikuwa ukinyamaza. Akaitikia kwa kichwa. Akasema neno moja la Kiborana ambalo silijui. Mmoja wa wale wachungaji alinitafsiria baadaye, akasema ni neno wanalotumia kwa mnyama ambaye huwezi kumuuza kwa bei yoyote.

Nilitaka kuvaa shati nikashindwa na vifungo. Vidole vilikuwa vinakataa. Sikuwa nalia, nakuapia, vilikuwa vinakataa tu. Mama yako akasogea akaanza kunifunga yeye, kimoja kimoja kutoka chini, macho yakiwa kwenye vifungo. Alipofika kifuani akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya sukari, "Kwa hivyo kama harusi ingekuwa siku nne baadaye, angekunywa?"

Nikasema, "Angekunywa, Ayyo. Angemaliza na kuomba mengine."

Akafunga kile cha mwisho. Akarudi kukunja mikeka yake, nami nikamsaidia kuinua fito, na tukapakia hadi ngamia akainuka.

Ndivyo nilivyopanda jukwaani nimefura. Njiani nilikunywa na maji, na Isiolo nikala chapati mbili, kama unataka kujua ubaya wote. Tuliporudi kutoka mashindanoni niliwaambia vijana jinsi ulivyokufa, pamoja na zile tembe. Nikasema katika jimu yetu hakuna mtu atajikausha tena, na asiyetaka mlango ni huo. Wanne wameondoka wameenda ile jimu mpya karibu na soko. Mwenda amebaki, anasema anabaki ili apate cha kusimulia. Ile picha ya mlangoni nimeitoa. Nimeweka ile nyingine ya miezi ya kupumzika, uliyoichukia, una mashavu na kitambi kidogo na unacheka na mfupa wa mbuzi mkononi. Kasirika ukitaka.

Kwaheri, Guyo. Lala na amani, nagaa. Mvua ikinyesha nitauliza madereva wamepiga kambi wapi, na nitaenda. Nitaenda kila mwaka, mashindano yawepo yasiwepo, na mama yako akinimiminia nitamwambia amimine mara mbili. Nitakunywa yangu, halafu nitakunywa na yako.

Ekiru